Mahabusu wa Juu ya Paa

Mume wangu alishtakiwa kwa kutoroka mahabusu. Mpaka leo nikisimulia habari hii watu wananiuliza alikimbilia wapi. Hakukimbilia popote. Alipanda juu ya paa la chumba alichofungiwa, akakaa. Alikaa siku tano, mvua ikimnyeshea, na kila asubuhi askari alimhesabu kama mtu aliyepo, kwa sababu alikuwepo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku kwetu Iramba, upande wa Ulemo. Nilikuwa mke kijana, mtoto wa kwanza yuko mgongoni, na uwele shambani ulikuwa umeanza kutoa masuke. Ndege walikuwa wameshaanza kuja kuuangalia. Wakati kama huo mwanamume haondoki nyumbani hata kwa harusi.

Kwanza nieleze jambo moja, maana usipolijua utadhani mume wangu alikuwa na wazimu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakai chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima, na anayeivunja huwa ni wa kusimuliwa mpaka anazeeka. Mama yangu alikaa kijiji cha pili. Akija kunitembelea alisimama nje ya ua, kitambaa usoni, akangoja. Mume wangu akikohoa mara moja, maana yake ni nimekusikia, natoka. Anatokea mlango wa zizini, mama anaingilia mlango wa mbele. Tangu niolewe hawakuwahi kukosea hata mara moja, na mimi nilikuwa katikati nikipeleka salamu huku na huku mpaka nikachoka.

Basi mtamba wa mwanangwa, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akapotea. Mwanangwa ndiye alikuwa mkubwa wa kijiji chetu, chini ya mtemi, na mtamba wake akipotea si kama wako akipotea. Mume wangu alikuwa ameonekana jana yake akipita malishoni na kamba begani. Alikuwa anakwenda kufunga kuni. Lakini kamba ni kamba. Jumatatu wakaja kumchukua, wakampeleka barazani kwa mtemi, mwendo wa asubuhi moja.

Mtemi mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameitwa Singida bomani kwenye mkutano. Aliyekuwepo ni karani wake, mtu wa kutoka mbali, kijana msafi sana, kalamu mbili mfukoni. Ukutani mwa baraza palikuwa na karatasi ya serikali. Ilisema mtu akishikwa kwa kosa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa ishirini na nne, au mapema iwezekanavyo kama ni mbali. Hakimu alikuwa Bwana Shauri, Mzungu wa Singida, siku mbili kwa miguu. Karatasi ile nilisomewa baadaye. Wakati ule aliyeweza kuisoma pale barazani alikuwa karani peke yake, na yeye alikuwa na haraka ya mambo mengine.

Chumba cha mahabusu kilikuwa ghala la mbegu. Nyumba ya tembe kama zetu zote, kuta za udongo, juu miti imelazwa, juu ya miti nyasi na udongo, paa bapa la kuanikia mtama. Ndani kulikuwa na magunia ya mbegu za serikali na panya. Mume wangu akafungiwa humo Jumatatu. Nikampelekea ugali, nikamkuta hana wasiwasi.

“Kesho watanipeleka Singida,” akaniambia kupitia upenyo wa mlango. “Huko nitasema ukweli, nitarudi. We angalia ndege.”

Kesho haikuwa Singida. Jumanne mwanangwa alikwenda na watu wake kupekua, na kwa mama yangu wakakuta ngozi mbichi imewambwa uani. Ng'ombe wa mama alikuwa amekufa kwa ugonjwa wiki ile, kijiji kizima kilikula nyama yake, na mwanangwa pia alikula. Hata hivyo wakabeba ngozi kuwa kidhibiti, wakambeba na mama. Eti mkwe kaiba, mama mkwe kaficha.

Nilikuwa barazani nimeleta chakula walipomfikisha. Askari wa mtemi, ambaye sisi tulimwita tarishi, alikuwa mtu mzima wa kwetu, mwenye wajukuu. Alimwangalia mama, akaangalia mlango wa ghala, akaenda kwa karani.

“Bwana karani, huyu aliyemo ndani ni mkwe wake.”

“Najua. Ndiyo maana wameshikwa wote.”

“Hawawezi kukaa humo wawili.”

“Chumba ni kimoja,” akasema karani. “Serikali haijajenga cha wakwe.”

 Mama alivuta kaniki yake usoni mpaka ikabaki pua tu. Tarishi alifungua kufuli akiwa amegeuza kichwa upande, kama mtu anayefungua choo chenye mtu, akamwingiza, akafunga. Mimi nilibaki nimeshika chungu. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuipata tena, hata nilipozaa njiani.

Tukasikia miti inavunjika. Udongo ukaanguka ndani, mama akapiga chafya. Halafu pakatokea kichwa cha mume wangu juu ya paa, kisha mabega, kisha mume wangu mzima. Jua lilikuwa bado kali, watu wamejaa barazani. Alijikung'uta udongo, akaenda pembeni ya paa mbali na tundu, akakaa chini na kuliangalia bonde. Alikohoa mara moja.

Ndani ya ghala mama naye akasogea upande wa pili. Tulimsikia.

Tarishi alisimama pale chini muda mrefu. Angeweza kupiga filimbi, alikuwa nayo shingoni. Lakini kwetu paa la tembe ni sehemu ya nyumba. Tunaanika juu, tunapeta juu, wazee wanaota jua juu. Mtu aliye juu ya paa la nyumba yako huwezi kusema ametoka kwako. Na chini ya paa moja hawakuwa tena. Tarishi akaona mambo yote mawili yamekaa sawa, sheria ya Mzungu na sheria yetu, akaniambia nimpe chungu.

“Nusu hii nampelekea mama yako,” akasema. “Nusu nampandishia huyu.”

Na ikawa hivyo. Kila siku nilikuja na vyungu viwili, na vyungu viwili vikarudi. Jumatano mvua ikanyesha. Lile tundu la paa lilikuwa sawasawa juu ya mahali ambapo mama alikuwa amelaza kanga yake. Mume wangu akamwomba tarishi kitu cha kuzibia. Tarishi hakuwa na kitu, akachukua ile ngozi, kidhibiti cha kesi, iliyokuwa imening'inia barazani, akamrushia.

Nilikuwepo, nikaona. Mume wangu alikuwa na shuka moja jepesi. Ngozi ya ng'ombe mzima ingemfunika kichwa mpaka miguu. Aliitandaza juu ya tundu, akaikandamiza pembeni kwa mawe, akarudi kwenye kona yake kunyeshewa. Nikamwita, nikamwambia ajifunike yeye, mama atasogea, ghala ni kubwa. Akaniambia magunia yamejaa, hana pa kusogea. Nikamwambia basi shuka chini ya upenu. Akasema akishuka atakuwa ametoroka.

Hapo nilimchukia kidogo, nasema kweli. Nilikuwa nimeamka alfajiri kufukuza ndege, nimetembea asubuhi nzima na mtoto, halafu mtu mzima ananieleza sheria kutoka juu ya paa.

Karani alimwona siku zote hizo. Alipita chini yake akienda kunywa chai. Hakumjali, maana alikuwa hajaandika chochote, hakuna aliyemuuliza. Alhamisi alimtuma mtu Singida na barua ya kuomba wino na karatasi. Wale mahabusu wangeweza kwenda na mtu huyo huyo, njia ile ile, lakini hilo halikumjia. Jumapili mtu akarudi na wino, na barua. Mtemi huko bomani alikuwa amesikia habari za mtamba, amemwambia Bwana Shauri, na Bwana Shauri alikuwa anauliza: hao watu wameshikwa lini, na kwa nini hawajaletwa?

Karani alisoma barua mara mbili. Akatoka nje, akasoma na ile karatasi ya ukutani, kama vile imebandikwa jana. Kisha akatazama juu ya paa, na nikamwona amepata wazo.

Alifungua daftari, akaandika kwa wino mpya. Aliandika kwamba mahabusu alivunja paa akatoroka Jumapili saa nne asubuhi, na kwamba alikamatwa tena saa nne na nusu. Kwa hesabu hiyo mtu alikuwa ameshikwa Jumapili, na saa ishirini na nne zilikuwa bado mbichi kabisa. Mama naye akaandikwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kesi yao ilikuwa moja. Akamwita tarishi apande amkamate. Tarishi akapanda. Mume wangu akatangulia kushuka, akamshikia tarishi ngazi kwa sababu ya magoti mabovu ya mzee yule. Wakamfunga kwenye nguzo ya baraza.

“Unajua kosa la kutoroka ni nini?” karani akaniambia nilipomfuata nikilia. “Miaka miwili, jela ya Dodoma. Na hiyo haihitaji mtamba kuonekana.”

Usiku ule sikulala. Miaka miwili, na mimi mwenye mtoto wa miezi saba na shamba.

Jumatatu tukaanza safari. Karani alitaka wafungwe pingu pamoja, mume wangu na mama, kwa kuwa pingu ilikuwa moja. Tarishi alipapasa mifuko akasema ufunguo wa pingu umepotea. Ulikuwa mfukoni mwake wa kushoto, niliusikia ukilia alipotembea. Tukaenda hivyo: mume wangu mbele kabisa na tarishi, karani katikati na baiskeli yake akiisukuma kwenye matope, mimi na mama nyuma kabisa. Kila njia ilipopinda mume wangu alikohoa kumjulisha mama kwamba yuko hapo mbele. Halafu akaanza kukohoa hata pasipopinda. Mama kila mara alisimama na kujifunika. Kwa ajili hiyo tulichelewa sana.

Jumatano tukasimamishwa mbele ya Bwana Shauri. Kabla hata hajakaa vizuri, akaja mtu wa mwanangwa, amepanda baiskeli usiku na mchana: mtamba ameonekana. Alikuwa amejichanganya na ng'ombe wa shemeji yake mwanangwa, ananenepa. Bwana Shauri akaandika mstari mmoja, kesi ya wizi ikafa. Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni twende nyumbani.

“Bado la kutoroka, bwana,” karani akasema, akafungua daftari.

Bwana Shauri alikuwa mtu mrefu mwekundu, anasikiliza kwa kuangalia mezani. Kiswahili alikijua cha kuulizia njia, yaliyobaki alitafsiriwa na mkalimani, mzee mmoja Mnyaturu wa hapo mjini. Akamuuliza mume wangu: ulivunja paa? Ndiyo, bwana. Ukatoka ndani? Ndiyo, bwana. Kwa nini?

Mume wangu akanyamaza. Nilijua kwa nini amenyamaza. Kumtaja mama mkwe mbele za watu, yeye akiwa amekaa pale, kueleza kwamba walifungiwa pamoja, ilikuwa ni kumvua nguo. Akatafuta jambo jingine la kusema.

“Nilitaka kupunga upepo,” akasema.

“Mvua ilikuwa inanyesha.”

“Ndiyo, bwana. Na upepo.”

Bwana Shauri akaandika. Nikasimama nikasema mimi naeleza, nilikuwepo siku zote. Mkalimani akaniambia nikae, zamu ya mashahidi haijafika. Nikakaa. Nilimtazama mume wangu pale kizimbani, mgongo umenyooka, anakwenda Dodoma kwa adabu, na nilitamani kumpiga. Mimi nitaeleza nini kwa mtoto? Kwamba baba yako alikuwa na heshima?

Ndipo mama yangu akainuka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, uso ukutani tangu tulipoingia.

“Nina neno,” akasema. “Lakini yule atoke.”

Karani akaruka. Sheria haikubali, akasema, ushahidi lazima utolewe mshtakiwa akiwepo na akisikia. Hapo, kwa mara ya kwanza, alikuwa anasema kweli. Mkalimani akainama, akamnong'oneza Bwana Shauri kwa muda mrefu. Wanyaturu nao wana wakwe. Bwana Shauri alikuna kidevu, akauliza kitu, akajibiwa, akakuna tena. Mwisho akaamuru mume wangu asimamishwe nje barazani, chini ya dirisha lililo wazi, awe ameangalia uwanja. Anasikia, haoni. Akamuuliza karani kama sheria imeridhika. Karani akasema imeridhika.

Mama akafungua pindo la kaniki. Akatoa punje sita za mtama, akaziweka mezani kwa Bwana Shauri moja moja.

“Kila asubuhi nilitoa punje moja kwenye gunia, nijue siku,” akasema. “Sijui kusoma. Hizi ni asubuhi nilizoamka humo ndani.”

“Hiyo ni mbegu ya serikali,” karani akasema.

“Nimeirudisha,” mama akasema.

Bwana Shauri akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Akalivuta daftari la karani, ambamo mama alikuwa ameshikwa Jumapili. Akafungua faili lake mwenyewe, akatoa ile barua ya kuomba wino, akaangalia tarehe. Kisha akamuuliza karani, taratibu, kama njia aliyopita mtu wa wino ilikuwa nyembamba sana kwa watu watatu.

 Bwana Shauri akamgeukia mama: na huyu mwanamume, alikuwa wapi asubuhi hizo zote?

“Juu,” mama akasema. “Aliponisikia naingia alipanda, hakushuka. Mimi sikumwona. Sijawahi kumwona. Lakini mkwe hukohoa, nijue yuko upande gani. Asubuhi ya kwanza alikohoa mara moja. Ya pili, mara moja. Ya tatu alikohoa mara tatu, nikasema adabu gani hii ya kurudia. Ya nne alikohoa mpaka jua likapanda. Nikajua hiyo si salamu tena. Kile ni kifua. Mvua ilikuwa haiingii kwangu, na mimi najua paa lilikuwa na tundu.”

“Utajuaje kuwa aliyekohoa ni yeye, si mtu mwingine?” Bwana Shauri akauliza.

Mkalimani alikuwa bado anatafsiri swali hilo, nje chini ya dirisha mume wangu akakohoa. Hakufanya makusudi. Alikohoa kwa kifua kizima, akashindwa kujizuia. Na mama yangu, mbele ya Mzungu, mbele ya karani na askari wa bomani, alivuta kaniki usoni na kusogea hatua mbili kumpisha mtu aliye nyuma ya ukuta.

Bwana Shauri aliangalia jambo hilo. Hakucheka, nampa sifa hiyo. Akasema, na mkalimani akatufikishia, kwamba mtu aliyezuiwa kupita muda wa sheria bila kuletwa kwa hakimu hayumo katika kizuizi halali, na asiyekuwa katika kizuizi halali hawezi kukitoroka. Tena, hata kama angekuwemo, yeye haoni ni vipi mtu ametoroka chumba kwa kukikalia. Shauri limefutwa. Ila paa ni mali ya serikali, kwa hiyo aliyelivunja alijenge.

Basi mume wangu alirudi barazani kwa mtemi akaliziba lile tundu kwa mikono yake, miti, nyasi na udongo, siku mbili, akikohoa. Tarishi alimsaidia kukanyaga udongo. Karani alihamishwa wilaya nyingine, nasikia huko alipewa cheo. Uwele wetu ndege walikula nusu.

Kikohozi hakikuondoka. Nilimpa mizizi, nikampa mafuta ya kondoo, nikampeleka misheni wakampa dawa ya chupa. Mama alipokuja kutembea alipata taabu, maana mume wangu alikohoa asubuhi, mchana na jioni, na mama hakujua kipi ni cha kumpisha na kipi ni ugonjwa. Akaamua kuviheshimu vyote. Siku nyingine alisimama nje ya ua mpaka chakula kikapoa. Hawakuwahi kuzungumza. Mara moja tu alinituma: “Mwambie baba wa mjukuu wangu kwamba kule ndani nilikuwa mkavu.” Nikampelekea. Alitikisa kichwa, akaenda kuangalia ng'ombe.

Mume wangu alikufa masika ya tatu baada ya hapo. Asubuhi ya msiba watu walijaa ndani na uani, wanawake wanalia. Mimi nilitoka kumpokea mama. Alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, nje ya ua, kitambaa usoni, mvua nyembamba inamnyeshea. Nikamwambia mama, ingia. Hakusogea. Nikamshika mkono, nikamwambia tena, ingia, unalowa.

“Ngoja kwanza,” akasema. “Hajakohoa.”